Aliyetumwa Alimaliza, Aliyemtuma Je?

Kila mwaka, ninapofundisha mada ya uzalendo na utumishi wa umma, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: John Stephen Akhwari ni nani? Mikono hunyooshwa ukumbi mzima. Ni mwanariadha wa Mbulu aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, akasema maneno ambayo dunia haijayasahau. Kisha huuliza swali la pili: miaka miwili baadaye, mwaka 1970, alifanya nini mjini Edinburgh? Mikono yote hushuka.

Siwalaumu vijana hao. Wanajua walichofundishwa. Mimi mwenyewe nilisimuliwa kisa cha Akhwari nikiwa darasa la nne Dongobesh, na nakumbuka kuwa mwalimu alikitumia siku ambayo tulilalamika kwamba uji wa shule haukupikwa. Akhwari alivumilia, alituambia, nanyi vumilieni. Tulinyamaza. Nani angethubutu kulalamikia uji mbele ya mtu aliyekimbia zaidi ya kilomita 20 na goti lililoteguka?

Makala hii haikusudii kumpunguzia Mzee Akhwari heshima. Hoja yangu ni kwamba heshima tunayompa ina kasoro, maana inamwondolea sehemu kubwa ya alichokuwa. Tumelitunza jeraha lake na kuusahau uwezo wake. Na ile kauli yake maarufu, ambayo ndani yake wamo watu wawili, yaani aliyetumwa na aliyemtuma, tumeigeuza ikawa kauli ya mtu mmoja.

Tuanze na yaliyotokea. Akhwari alizaliwa mwaka 1938 huko Mbulu, katika nyanda za juu za Wairaqw, watu wa jembe na mifugo, ambako mtoto hupanda na kushuka vilima tangu anapoanza kutembea. Tarehe 20 Oktoba 1968 alisimama kwenye mstari wa kuanzia marathoni mjini Mexico City. Hiyo ilikuwa mara ya pili tu kwa nchi yetu kushiriki Olimpiki, baada ya Tokyo 1964. Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwatesa wakimbiaji wengi wa masafa marefu. Misuli ya Akhwari ilikaza. Karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakiwa wanasukumana kuwania nafasi, aligongwa akaanguka. Goti lilichanika na kuteguka, bega likajipigiza kwenye lami. Alifungwa bandeji, akasimama, akaendelea.

Siku hiyo hata Abebe Bikila wa Ethiopia, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na tena mwaka 1964, aliacha mbio karibu na kilomita ya 17 kwa sababu ya mguu. Walioanza walikuwa zaidi ya 70. Waliomaliza walikuwa 57. Mwethiopia mwingine, Mamo Wolde, alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari, wa 57, aliingia uwanjani saa moja na dakika tano baada yake, kwa muda wa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Jua lilikuwa limezama, medali zilikuwa zimekwisha kuvishwa, na watazamaji waliobaki walikuwa elfu chache tu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aende kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Maili 5,000. Chukua ramani upime. Kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City, hata ukienda moja kwa moja angani, ni takriban kilomita 15,000, yaani zaidi ya maili 9,000. Simtafutii kosa mtu aliyejibu swali akiwa na goti linalovuja damu. Ninachokishangaa ni sisi, ambao kwa zaidi ya nusu karne tumeikariri tarakimu hiyo kwenye hotuba, vitabu na mabango bila kufikiria kuipima. Hivyo ndivyo tunavyoifanyia kauli nzima: tunaikariri tu.

Sasa tuje Edinburgh. Julai 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari alikimbia marathoni akawa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mbele yake walikuwa wakimbiaji wa Uingereza na New Zealand, wakiongozwa na Ron Hill, mmoja wa wanamarathoni bora kabisa wa zama zile. Muda huo wa Akhwari ulikuwa pungufu kwa zaidi ya dakika 70 ukilinganisha na ule wa Mexico. Ni kweli kwamba Edinburgh haina hewa nyepesi, na njia moja ya marathoni hailingani na nyingine. Lakini fikiria jambo hili: miaka minane baadaye, mwaka 1978, Gidamis Shahanga, kijana wa Katesh, Wilaya ya Hanang, alishinda dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2, dakika 15 na takriban sekunde 40. Muda uliompa Akhwari nafasi ya tano ulikuwa mfupi kuliko ule uliompa jirani yake dhahabu.

Kwa hiyo mtu tunayemsimulia kama kielelezo cha anayeshindwa kwa heshima alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora wa marathoni duniani. Hakuwa mkulima aliyepotea njia akajikuta Olimpiki. Alikwenda kushindana. Goti lilipoharibika alimaliza. Goti lilipopona alirudi akawapa taabu walio bora. Habari hii ya pili ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza katika vitabu vya shule za Mbulu, kwa sababu inamwambia mtoto wa Kainam au Haydom kwamba anaweza kushinda, wakati ile tunayoisimulia inamwambia tu kwamba anaweza kustahimili kushindwa.

Kwa nini basi tumeichagua ile ya goti? Jibu langu ni la kisiasa. Uvumilivu hauna kifungu katika bajeti. Kiongozi akisema Akhwari alikuwa bingwa, atalazimika kujibu ni wapi wanaandaliwa mabingwa wengine: uwanja uko wapi, kocha analipwa na nani, daktari wa timu ni nani. Akisema Akhwari alikuwa mvumilivu, hadaiwi kitu. Anayedaiwa ni msikilizaji. "Mvumilivu hula mbivu," husema mgeni rasmi kwenye mahafali, akiwatazama wahitimu wasio na ajira inayowangoja, na kisa cha goti hufuata. Nimekaa katika safu ya wahadhiri nikilisikia somo hilo mara nyingi kiasi kwamba najua makofi yatapigwa wapi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi kutoka kijiji kimoja chini ya Mlima Hanang. Alikuwa binti mwembamba, mkimya, aliyekuwa akikimbia kila alfajiri kabla ya vipindi. Alipata nafasi ya kushiriki mashindano nje ya mkoa wetu. Kilichokosekana kilikuwa nauli, chakula cha siku nne na jozi ya viatu. Aliandika barua, akazifuatilia kutoka meza moja hadi nyingine katika ofisi ambayo sitaitaja. Ofisa mmoja alimjibu, kwa tabasamu: Akhwari alikimbia na goti bovu, wewe unashindwa na nauli? Hakwenda. Alimaliza shahada yake vizuri na sasa ni mwalimu. Nilipokutana naye mwaka jana nikamuuliza kama bado anakimbia, alinijibu kwamba siku hizi anakimbilia daladala.

Jibu la ofisa yule ndilo tunda la namna tunavyosimulia. Kisa cha mtu aliyetimiza wajibu wake kwa nchi kimegeuzwa kuwa kisingizio cha nchi kutotimiza wake.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye kauli yenyewe, kwa sababu neno zito ndani yake ni kutumwa. Mwaka 1968 neno hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwetu. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Taifa lilikuwa likijifunza kusema kwamba kiongozi, mwalimu, daktari na askari wote wametumwa na watu, na watarudi kutoa hesabu kwa watu. Kijana aliyekulia katika hewa hiyo hakuhitaji kufundishwa jibu la kumpa mwandishi wa habari wa kigeni. Alisema kile ambacho nchi yake ilikuwa ikikisema kila siku.

Kiswahili kimeliweka jambo hili wazi kuliko vitabu vingi vya sayansi ya siasa ninavyowasomesha wanafunzi. Kutoka katika mzizi mmoja wa kitenzi tuma tumepata mtume, mtumishi na mtumwa. Wote watatu wako chini ya aliyewatuma, lakini hawako sawa. Mtume hupewa ujumbe na heshima ya aliyemtuma. Mtumishi ana kazi na ana haki yake. Mtumwa ana kazi bila haki. Anayemwagiza hadaiwi naye chochote. Tofauti kati ya mtumishi na mtumwa haiko kwenye uzito wa mzigo wala umbali wa safari. Iko kwenye swali la iwapo yule aliyetuma anajiona ana deni. Nchi inayomtaka kijana wake amalize mbio, huku yenyewe haijali alianzaje na itampokeaje, inamsogeza kimyakimya kutoka neno la pili hadi la tatu.

Kwa haki, nchi yetu ilijua kuwatuma vijana wa nyanda hizi, na wakati mwingine ilijua pia kuwazuia kwa sababu nzito. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Februari 1974, mjini Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, akaweka rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51. Mwaka uliofuata, dunia ilisubiri Olimpiki ya Montreal ili kumwona akipambana na John Walker wa New Zealand. Pambano hilo halikuwapo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker alichukua dhahabu.

Naunga mkono msimamo ule, hata leo. Lakini msimamo una gharama, na gharama ile hakuilipa waziri wala balozi. Aliilipa kijana mmoja kwa miguu yake, katika mwaka ambao huenda ungekuwa bora kuliko yote maishani mwake. Bayi alikwenda Moscow mwaka 1980, akapata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, kama Suleiman Nyambui alivyopata fedha katika mita 5,000. Hadi leo, hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki tulizo nazo. Baadaye Bayi alijenga shule kwa juhudi zake mwenyewe. Aliyetumwa alirudi, akaanza kuwatuma wengine.

Na tumtazame Shahanga. Dhahabu yake ya mwaka 1978 aliipatia Edmonton, Kanada. Miaka minne baadaye akashinda mita 10,000 za michezo hiyohiyo mjini Brisbane. Wakati wimbo wetu wa taifa ukipigwa katika ardhi ya Kanada kwa ajili ya kijana wa Katesh, huko nyumbani kwake Hanang fedha za msaada kutoka Kanada zilikuwa zikiendesha mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Mpango ule ulikuja kumeza takriban ekari 100,000, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Njia za mifugo zilikatwa, hata makaburi ya wazee yalilimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishitaki shirika la umma la NAFCO mwaka 1981. Walishinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu.

Sisemi kwamba medali na ngano vilipangwa pamoja. Nasema kwamba serikali moja, katika miaka ileile, iliweza kujivunia miguu iliyolelewa na ardhi ya Hanang na wakati huohuo kuwaondoa watu wa Hanang kwenye ardhi hiyo, bila kuhisi kwamba kuna mgongano wowote. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumezoea kumtunza mchezaji siku ya ngoma tu; uwanja anaochezea, na watu wa kwao, tunawasahau.

Akhwari naye alisubiri. Alirudi kwenye shamba lake Mbulu. Nishani ya heshima ya taifa aliipata mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico. Mwaka 2000 alialikwa kwenye Olimpiki ya Sydney, na Aprili 2008 alikuwa miongoni mwa waliokimbiza mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam. Mfuko wa kuwasaidia wanariadha umeanzishwa kwa jina lake. Haya yote ni mema. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne hii, wakati dunia ikimkumbuka kwa mialiko, kwetu mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa kwa miaka kadhaa. Tulimheshimu mzee na papo hapo tukaifunga njia ambayo mtoto wa kijijini huonekana nayo.

Tunayo pia mifano ya kututia moyo, na ningependa tuisome kwa makini. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang, alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ya sekunde tu, wote wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Wengi waliandika kwamba huo ni ushindi wa uvumilivu. Upo ukweli hapo. Lakini angalia ratiba yake: wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, shaba ya dunia London mwaka 2017, wa pili Boston mwaka 2025, kisha dhahabu. Hiyo ni kazi ya karibu miaka kumi, na Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi: ana mwajiri, ana mshahara unaoingia hata mwezi ambao hakuna mbio. Uvumilivu wa mtu mwenye mahali pa kusimama huzaa medali. Uvumilivu wa mtu asiye na nauli humfanya aache.

Deni la aliyetuma si fumbo, na wala halihitaji mabilioni ya kujengea viwanja vya kifahari. Ni njia ya udongo iliyosawazishwa kwenye shule za Mbulu na Hanang, na mwalimu wa michezo ambaye saa zake za mazoezi zinahesabiwa kuwa ni kazi. Ni nauli inayotoka kabla ya mashindano, matibabu ya goti kabla halijawa kilema, na bima kwa anayeumia akiwa na bendera kifuani. Ni kumbukumbu pia: muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 5 uandikwe kwenye ubao wa kila shule iliyo jirani na kwao, chini ya jina la Akhwari, ili mtoto ajue ni kipi cha kuvunja.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya: kabla hujamtajia mtu kisa cha Mexico, tazama faili lililo mezani kwako. Huenda mwombaji amekwisha kuvumilia kiasi cha kutosha, na zamu iliyobaki ni yako. Kwa mwanaharakati: ukimtetea mwanariadha, mtetee pia mfugaji ambaye malisho yake ndiyo uwanja wa kwanza wa mwanawe. Na kwako mwanafunzi, kijana wa Dongobesh, wa Katesh au wa popote pale: ukitumwa, maliza. Hilo Akhwari alilisema kwa niaba yetu sote na sioni la kuliongeza. Ila ukirudi, usiwe na haya kumuuliza aliyekutuma amefanya nini wakati wewe ulipokuwa njiani.